Ng'ombe Mwenye Pembe na Pikipiki Isiyo na Breki



Wengi hapa Nakivale mnajua kwamba nina pikipiki moja ya boda boda. Mimi siiendeshi. Nimempa kijana mmoja wa mtaa wetu, naye huniletea hesabu kila jioni. Siku moja aliniambia, "Mzee, breki ya nyuma imeanza kukataa." Nikamjibu, "Vumilia mpaka mwisho wa mwezi, nilipe kwanza karo ya watoto." Juma lile lile, kwenye mteremko, alishindwa kusimama. Alikuwa amembeba mama mmoja na mtoto wake. Kwa neema ya Mungu mtoto hakuumia, lakini mama alivunjika mguu, na msimu ule hakulima.

Watu walikuja kunifariji. Mmoja alisema, "Ajali haina kinga." Mwingine, "Ni kazi ya shetani." Mwingine, "Kosa ni la kijana, anapenda mwendo." Nilizipokea faraja zote hizo, maana kila moja ilinitoa mimi katika habari ile. Lakini usiku swali lilinirudia: je, mtu ambaye hakuwepo barabarani anaweza kuwa na hatia ya jambo lililotokea barabarani?

Ndugu, Torati ilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya pikipiki kuwepo. Someni Kutoka sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata afe, ng'ombe huuawa, na mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga watu, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi mwenyewe pia ana hatia ya damu. Angalieni kinachotenganisha watu hao wawili. Sheria haiulizi kama alikuwepo malishoni siku ile. Inauliza kama alikuwa ameambiwa. Na mimi nilikuwa nimeambiwa.

Sasa tuipime hiyo methali yetu. Ni kweli kuna mambo ambayo hakuna awezaye kuyazuia. Mbuzi akiruka ghafula kutoka kichakani, tutamlaumu nani? Lakini breki iliyoisha haikutoka kichakani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilo hilo linafundisha kwamba helmeti iliyovaliwa vizuri na mwendo wa kiasi huokoa maisha. Basi kinga zipo. Tunapotamka methali ile juu ya jambo tulilokuwa na uwezo wa kulizuia, tunamtwika Mungu mzigo wetu.

Wengine watasema, "Mimi nimebeba abiria watatu kwa miaka mingi, na Mungu ametulinda." Ndugu yangu, kufika salama si ushahidi kwamba ulikuwa na haki. Chukua watu wawili wenye pikipiki zenye breki mbovu ile ile. Mmoja anafika, mwingine anaua. Polisi watamkamata mmoja tu, lakini mbele za Mungu wote wawili walifanya jambo moja asubuhi ile: waliuweka uhai wa mtu mwingine juu ya bahati. Bwana Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Sisi tunamjaribu kila siku, tena kwa miili ya abiria wetu.

Najua neno ambalo wenye pikipiki mnalo moyoni: "Mzee, sisi ni wakimbizi. Pikipiki hii ilitoka katika akiba ya kikundi. Pesa za kutengeneza kila kitu zitatoka wapi?" Neno hilo ni zito, nami nililisema. Lakini tufanye hesabu. Tuseme kijana analeta shilingi 10,000 kwa siku, siku sita ni 60,000. Tunasema tumepata 60,000, tunazila zote. Lakini katika siku hizo sita tairi imelika, cheni imelegea, oili imechakaa, breki zimepungua. Kama matengenezo yanahitaji 15,000 kwa juma, basi mapato yetu yalikuwa 45,000. Zile 15,000 tulizokula hazikuwa zetu. Tulizikopa kwa abiria bila kumwambia, na siku ya kulipa, alilipa yeye kwa mguu wake.

Hata mwendo wa kijana unatoka kwetu. Tukimwekea hesabu kubwa kuliko kazi iliyopo, atabeba watatu, atakimbia, ataendesha na usingizi. Mkono wake uko kwenye gesi, lakini hesabu yetu ndiyo inayousukuma. Tukumbuke pia kwamba tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tulizoea magari yapitayo upande wa kuume, na hapa Uganda yanapita kushoto. Mgeni aliyefika jana hutazama kwanza upande usio wenyewe. Dereva anayelijua jambo hili hawezi kusema tu, "Alivuka vibaya." Anayejua anadaiwa zaidi.

Katika Kumbukumbu la Torati 22, anayejenga nyumba anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Anauweka kabla mtu yeyote hajaanguka. Hiyo ndiyo toba tunayoihitaji, toba ya kabla ya ajali.

Mimi niliipata kwa kuchelewa. Nimepunguza hesabu, fedha za breki zinakaa katika kopo lake, na helmeti ya abiria ipo. Lakini hayo yalikuwa mepesi. Lililokuwa gumu ni kwenda kwa mama yule na kumwambia, "Mama, nilikuwa nimeambiwa." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na sasa zinashika?"

Nikamjibu, zinashika. Ndugu mwenye pikipiki, wewe ungemjibu nini?

Mungu awabariki na awalinde njiani. Amina.