Tumaini la Silas Marner

Riwaya ya George Eliot, Silas Marner (1861), inauliza jinsi mtu aliyevunjwa moyo na Mungu pamoja na binadamu anavyoweza kurejewa na tumaini. Silas, mfumaji, anasingiziwa wizi na rafiki yake; waumini wenzake wanapiga kura ili Mungu aamue, nayo inamwangukia. Anahamia Raveloe, ambako kwa miaka 15 anajifungia na kazi yake na dhahabu. Dhahabu inaibwa. Kisha, mkesha wa mwaka mpya, mtoto ambaye mama yake amefia thelujini anaingia nyumbani mwake.

Eliot, aliyekuwa ametafsiri mwaka 1854 kazi ya mwanafalsafa Ludwig Feuerbach, aliyeiona dini kama zao la binadamu, haleti muujiza. Mtoto huyo, Eppie, anahitaji nguo, chanjo na ubatizo, na mahitaji hayo ndiyo yanayomlazimisha Silas kuwaendea majirani, hasa Dolly Winthrop. Upendo unatangulia, imani inafuata. Mpangilio huo ndio ujasiri wa kitabu, ingawa dhahabu kupatikana tena ni urahisi wa msimulizi.

Lakini swali la haki halijibiwi. Miaka 30 hivi baada ya kuhama, Silas anarudi kutafuta ukweli wa kura ile, na mahali pa kanisa anakuta kiwanda.