Majina Manne ya Saa Sita Mchana

Ijumaa ya tarehe 12 Julai 2013, saa sita mchana, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha KTVU, Oakland, California, alisoma hewani majina ya marubani wanne wa ndege ya shirika la Asiana. Ndege hiyo, Boeing 777 iliyotoka Seoul na watu 307, ilikuwa imeanguka siku sita kabla ikitua San Francisco. Asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo abiria wa tatu alikuwa amefariki hospitalini.

Majina yote manne yalikuwa ya uongo. Ulikuwa mzaha, tena mchafu, wa kuwakejeli Waasia. La kwanza liliandikwa kwenye skrini "Sum Ting Wong". Anayejua Kiingereza kidogo akilitamka haraka, atajisikia akisema kwamba kuna jambo haliko sawa. Jina lenyewe lilikuwa linaonya!

Tusikimbilie kucheka. Watu wa KTVU walipiga simu kuhakikisha. Waliuliza NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, na aliyepokea akawaambia ndiyo, ni sahihi. Kumbe alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, asiye na mamlaka ya kuthibitisha lolote. Kituo kilikiri baadaye kwamba hakikumuuliza cheo chake.

Hapa tukae kidogo, ndugu msomaji. Kwa utaratibu wake, bodi ile haitoi wala haithibitishi kwa waandishi majina ya wahusika wa ajali. Kwa hiyo "ndiyo" iliyopatikana kirahisi namna ile ilipaswa kuwashtua kuliko "hapana". Isitoshe, majina halisi ya marubani wawili yalikwisha kutangazwa mapema wiki ile. Kuyaweka kando ya orodha mpya kungetosha kuuumbua uongo. Na kikubwa zaidi, kama kituo chenyewe kilivyoungama, hakuna aliyeyasoma kwa sauti kabla ya mtangazaji. Macho yalipita juu ya herufi, masikio hayakuulizwa.

Haraka ya nini? Zamani mwandishi alishindana na gazeti la jirani. Leo anashindana na kila mwenye simu. Siku chache kabla, KTVU ilikuwa imejisifu kwa kuwa ya kwanza kuripoti ajali ile bila kosa hata moja. Sifa nazo hulevya.

Sijitoi. Niliwahi kusambaza kwenye kundi la WhatsApp tangazo la msiba wa mwanamuziki ambaye hadi leo anapiga gitaa, kisa lilitoka kwa mzee ninayemheshimu. Niliona kabisa kwamba halikutaja hospitali, wala msemaji wa familia, wala mahali pa msiba. Niliona, nikaandika "poleni wafiwa", nikatuma.

KTVU iliomba radhi katika kipindi kile kile, lakini video ilishatoroka. Ilipoombwa iondolewe YouTube, watu walikuwa na nakala zao. Watayarishaji watatu walipoteza kazi, na yule kijana naye akaondoka NTSB.

Tuwe wazito kidogo wa vidole, jamani. Mimi siku hizi, kabla ya kutuma habari yoyote, naisoma kwanza kwa sauti, hata nikiwa ndani ya daladala. Abiria wenzangu hunitazama, nami naendelea kusoma.