Nani Mwenye Duara?

Ukikaa jioni kwenye kijiwe cha kahawa hapa Nyasubi, Kahama, hukosi kusikia habari za rashi. Dhahabu imeonekana porini, watu wamemiminika na sululu na tochi, na wiki haijaisha ugomvi umeshaanza: duara ni la nani? Aliyechimba kwanza anasema, mimi nilitoa jasho. Mwingine ana leseni. Mwingine ana vijana wenye marungu, na mara nyingi huyo ndiye anayegawa mifuko ya mawe.

Juzi niliukuta ugomvi uleule kwenye kitabu cha John Okello kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Okello, Mganda aliyezunguka Afrika Mashariki akifanya kazi za mikono, anasimulia usiku wa kuamkia 12 Januari 1964: watu wenye mapanga na mishale wanavamia ghala la silaha la polisi pale Ziwani, na asubuhi sauti yake inatoka redioni akijiita Fildi Mashali. Sultani akakimbia. Baadaye Okello alisafiri bara, na aliporudi mwezi Machi mwaka huohuo alizuiwa kuingia visiwani. Kwa hiyo ni kitabu cha mtu aliyechimba akafukuzwa durani. Anajisifu mno, na vitisho vyake vya redioni vinanisisimua mwili mpaka leo, maana usiku ule na siku zilizofuata waliuawa watu wengi waliokuwa na kosa moja tu, la kuitwa Waarabu. Sitaki kulipita hilo kama vile ni bei ya kawaida.

Swali langu ni hili: haki ya kuchukua madaraka, ikiwepo, inampa mtu haki ya kuyashika?

Wabolsheviki walichukua Petrograd Novemba 1917. Wiki chache baadaye ukafanyika uchaguzi wa Bunge la Katiba, wakapata kama robo ya kura. Bunge likakaa siku moja, Januari 1918, likafungwa. Zanzibar ilikuwa kinyume chake. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hapo hata mimi ningekasirika. Tena serikali iliyoingia iliwaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara, watu waliojua ghala liko wapi. Ukiniuliza nani alikuwa na dai zito zaidi, Lenin au watu wa Karume, sisiti kujibu: watu wa Karume.

Lakini subiri. Kama dai lilikuwa "sisi ndio wengi", mbona hao wengi hawakuulizwa tena? Wazanzibari hawakumchagua rais wao kwa kura mpaka 1980. Dai lilitumika usiku mmoja, likawekwa kabatini.

Na wenzao je? Abdallah Kassim Hanga, msomi wa Moscow na mmoja wa vigogo wa serikali ya kwanza ya Mapinduzi, alitolewa bara mwaka 1969 akapelekwa visiwani, akauawa bila kesi ya wazi. Kule Urusi, mabaharia wa Kronstadt waliobeba mapinduzi mabegani walipigwa mizinga mwaka 1921 walipodai mabaraza yachaguliwe upya. Trotsky, aliyesimamia kazi hiyo, naye aliuawa Mexico mwaka 1940 na mtu wa Stalin. Ukiwa umelishika duara kwa marungu, unayemwogopa zaidi ni yule mliyechimba naye, kwa sababu anajua mlivyoingia.

Rafiki yangu mmoja, msomaji mkali kuliko mimi, ananipinga. "Wewe unahesabu kura. Maskini anahesabu ardhi." Ana hoja, jamani. Mapinduzi yaligawa eka tatu tatu kwa watu ambao wazazi wao walichuma karafuu za wengine maisha yao yote, wakiwemo Wanyamwezi waliotoka huku kwetu. Sina ujasiri wa kuwaambia kwamba eka zile hazikuwa haki.

Mdogo wake babu alikuwa mmoja wao. Alivuka kwenda Unguja akiwa kijana, akapata eka zake tatu. Mama anasimulia kwamba alirudi kusalimia mara moja tu, miaka ya sabini, akalisifu shamba lake mpaka watu wakachoka: minazi mingapi, mihogo inavyostawi. Babu akamuuliza, na wakubwa wa huko wakoje? Yule mzee akageuka kutazama mlangoni. Palikuwa na mbuzi wawili na mama yangu, mtoto mdogo. Akashusha sauti, akarudi kwenye habari za minazi.