Hesabu ya Lita: Funzo la Gia Boksi Iliyofia Kitonga

Ukifungua bolti ya sampo chini ya gia boksi ya oto, mafuta hayatoki yote. Kwenye pikapu nyingi hutoka theluthi, pengine karibu nusu. Yaliyobaki yamekaa ndani ya konveta, kile chombo cha duara kati ya injini na gia boksi, na kwenye mabomba yanayoyapeleka kupoozwa kwenye rejeta. Ndiyo maana mtu aliyezoea kubadilisha oili ya injini mwenyewe, akaiona inatoka nyeusi na kuingia safi, haridhiki na gia boksi. Anamwaga, anajaza, anachomoa dipstiki, na mafuta bado ni ya kahawia. Basi anaanza kutafuta namna ya kuyatoa yote.

Namna hiyo ipo na mafundi wanaitumia. Unachomoa mpira unaorudisha mafuta kutoka kwenye rejeta, unauelekeza kwenye ndoo, unawasha injini. Pampu ya gia boksi yenyewe inasukuma ya zamani nje, nawe unaongeza mapya kupitia mrija wa dipstiki. Mashine maalumu haihitajiki. Kinachohitajika ni watu wawili wanaosikilizana, vyombo vyenye alama za lita, na subira. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu mjini Iringa aliifanya kazi hii uani kwake Jumapili moja, na gia boksi haikuifikia Jumapili iliyofuata.

Nakisimulia kisa chake kwa sababu hakuwa mzembe. Oili ya injini aliibadilisha kwa wakati, na mlio wowote mgeni kwenye gari lake aliusikia kabla ya mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kushuka Mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, kupakia vitunguu, kisha kupanda navyo kurudi Iringa. Anayeijua barabara ile anajua mateso ya kuipanda na mzigo: kona zimebanana, malori yanajivuta mbele yako, na huna pa kulipumzisha gari. Wakati huo konveta inatoa joto jingi, maana nguvu ya injini inapita kwanza kwenye mafuta yanayozungushwa kwa kasi kabla ya kufika kwenye magurudumu, na sehemu yake inapotea njiani kama joto. Mafuta yakipikwa hivyo msimu baada ya msimu, wekundu unatoka na uwezo wake unachoka. Alikuwa na haki kabisa ya kutaka kuyabadilisha.

Aliegesha pikapu mahali pa tambarare, akavuta handbreki, akaweka mawe kwenye magurudumu. Hayo aliyafanya vizuri. Mtoto wa dada yake akakaa kwenye usukani. Boneti ilikuwa imefunguliwa, kwa hiyo kijana hakuona mpira, wala ndoo, wala mikono ya mjomba wake, na hawakuwa wamepatana ishara yoyote. Injini ilipowaka, mafuta yakaruka kwa nguvu ambayo mjomba hakuitegemea. Ndoo ikayumba, mengine yakamwagika chini. Akainama kuishika.

"Mjomba, nizime?"

Dizeli ilikuwa inaunguruma. Kijana akarudia swali, safari hii kwa kupaza sauti.

"Acha yatoke yote! Tutajaza mapya."

Gia boksi iliumia hapo hapo, kabla gari halijasogea. Oili ya injini humwagwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo hata ikitoka yote hakuna kinachosagika. Kwenye gia boksi ya oto pampu inazunguka pamoja na injini, na hata mguu usipogusa pedeli, sampo inaweza kukauka ndani ya dakika moja au mbili. Kuanzia hapo pampu inavuta hewa, na vyuma vinavyozunguka ndani vinakosa ulainishaji. Tena mafuta haya hayalainishi tu. Shinikizo lake ndilo linalobana pleti za klachi ili gia ishike. Hayo hayo hupita kwenye vali bodi kuingiza gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, na hayo hayo hupokea nguvu ya injini ndani ya konveta. Kwenye gari la gia za kawaida, mkono na mguu wa dereva ndio hufanya kazi hiyo. Kwenye oto imekabidhiwa mafuta. Anayeyatoa anatoa sehemu ya mashine, na anayeyarudisha lazima arudishe sehemu ile ile, kwa kipimo kile kile.

Hata watengenezaji wenyewe walijifunza hili kwa taabu. General Motors walianza kuuza gia boksi ya oto iitwayo Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, na mwaka 1949 wakatoa mafuta maalumu yaliyoitwa Type A. Kwa muda mrefu mafuta ya namna hii nchini Marekani yalitiwa mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalistahimili joto na kuzifanya pleti zishike bila kushtuka. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vikalazimika kutafuta kiungo kingine, na toleo moja la Dexron lililofuata likagundulika kuwa linakula lehemu kwenye vipoozeo vya rejeta. Ikabidi litengenezwe upya. Kiungo kimoja kilibadilishwa, na wenye maabara na wahandisi wakaharibikiwa. Ndiyo maana nasikitika ninapomwona mtu dukani akiomba "mafuta mekundu ya gia boksi" na kuridhika na rangi.

Yule ndugu alinunua hivyo hivyo. Wekundu ni rangi iliyotiwa makusudi ili mafuta yatambulike yanapovuja, na hauelezi chochote kingine. Toyota peke yake ina T-IV na ina WS, na WS ni nyepesi zaidi. Kampuni yenyewe inasema zisibadilishane. Ford wana Mercon za namna kadhaa, Nissan wana Matic zao, General Motors wana Dexron zao, na gia boksi za CVT zina mafuta yake ambayo hayana uhusiano na hizi. Jina sahihi limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye dipstiki yenyewe. Muuza spea anaweza kukusaidia kulipata dukani, lakini jina uende nalo wewe.

Baada ya ndoo kujaa na kumwagika, alizima, akarudisha mpira, akamimina mapya huku akichungulia dipstiki. Injini ilikuwa imezimwa, kama anavyopima oili ya injini. Hilo ndilo kosa lililonyamaza kuliko yote. Kwenye gia boksi nyingi za oto, kiasi hupimwa injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu ikizimwa mafuta hurudi kwenye sampo na dipstiki huonyesha mengi kuliko yanayobaki pampu inapofanya kazi. Zipo zinazopimwa injini ikiwa imezimwa, kama za Honda, na kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Lake halikuwa la namna hiyo. Aliona alama imefikiwa, akafunga boneti. Alipowasha, konveta na mabomba vikanywa sehemu yao, na sampo ikabaki na upungufu ambao hakuna aliyeuona.

Dalili ilijitokeza jioni ile ile. Aliweka D, gari likakaa kidogo, kisha likashtuka na kusogea. Akaona ni mafuta mapya yanajitafutia njia. Gia inayochelewa kushika baada ya kazi ya namna hii inakuambia kuwa shinikizo halitoshi; unazima na kupima upya.

Kesho yake akashuka Kitonga akiwa mtupu, na gari likaenda vizuri, maana mteremko haudai nguvu. Akapakia. Kwenye mpando wa kurudi injini ikaanza kupiga kelele huku mwendo ukipungua. Mafuta machache yaliyokuwamo yalikuwa yamekimbilia nyuma ya sampo kwa sababu ya mwinuko, pampu ikawa inavuta yakiwa yamechanganyika na hewa, na pleti zikateleza badala ya kushika. Pleti zinazoteleza zinaungua. Akakanyaga zaidi, kama ambavyo yeyote aliyebeba mzigo wa kuoza angefanya, akasikia harufu kali, na gari likasimama kwenye kona. Utingo wake akaruka na mawe, akakata matawi na kuyapanga barabarani kuwaonya wanaokuja. Malori yakaanza kupanga foleni nyuma yao.

Fundi wa Ipogolo aliyeletewa gari lile aliuliza kabla ya kushika spana.

"Kaka, yalitoka lita ngapi?"

"Ndoo ilijaa, mengine yakamwagika."

"Na mliweka ngapi?"

Hakuwa na jibu. Sampo ilipofunguliwa, sumaku zake zilikuwa zimevaa vipande vya chuma, mafuta yana weusi wa pleti zilizoungua, na filta ya zamani ilikuwa pale pale, maana njia ya mpira haikulazimishi kufungua sampo. Gia boksi nyingine, ya mtumba, ikaagizwa Dar es Salaam. Vitunguu vikauzwa kwa bei ya kuviokoa visioze, na fedha ya msimu ikaishia hapo.

Fundi mzuri huanza na sampo. Anaifungua, anaisafisha, anabadilisha filta na gasketi, na kabla ya yote anazitazama sumaku. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine: hapo kazi ya mafuta imekwisha na kazi ya matengenezo imeanza. Mafuta ya waridi yenye ukungu yana maji ndani, na mara nyingi maji hayo yametoka kwenye rejeta, ambako kipoozeo cha gia boksi kimezungukwa na maji ya injini. Maji hubandua utando uliogundishwa kwenye pleti. Kuyabadilisha mafuta hayo bila kubadilisha rejeta ni kupoteza fedha.

Mafundi hubishana kama mafuta mapya huiua gia boksi iliyochoka. Naona gia boksi iliyokuwa inateleza tayari haikuuawa na mafuta safi. Ilikuwa inakwenda huko. Ila kuisukumia mafuta kwa mashine ya shinikizo wakati uchafu umelala kwenye sampo kunaweza kuupeleka kwenye vali, na hatari hiyo haina sababu ya kubebwa.

Sampo ikishafungwa na kujazwa kwa kiasi kile kile kilichotoka, ndipo mpira uchomolewe. Chupa za plastiki zilizotiwa alama ni bora kuliko ndoo. Anayekaa kwenye usukani apewe ishara ya mkono, na mwenye mpira asimame mahali anapoonekana, kwa sababu sauti haivuki dizeli. Zikitoka lita mbili, injini inazimwa. Zinaingia lita mbili, injini inawashwa. Hivyo hivyo mpaka rangi ibadilike, na hesabu ya zilizotoka na zilizoingia iandikwe kwenye karatasi. Kisha gari lipate moto, mguu ukae kwenye breki, gia ipitishwe kila nafasi na kurudi P, na dipstiki isomwe kwenye alama ya HOT injini ikiwa inaunguruma. Asubuhi ya Iringa mwezi wa saba mafuta huwa yamejikusanya kwa baridi, na anayejaza mpaka alama ya moto wakati huo atakuwa amezidisha. Yakizidi yanapigwa na vyuma yanatoa povu, na povu halibani pleti.

Kwa mtu wa nyumbani, hata hivyo, ningependa auache mpira mahali pake. Sampo inatosha akiwa na subira. Tuseme gia boksi inabeba lita 10 na sampo inatoa 4. Ukimwaga mara moja, asilimia 40 ya mafuta ni mapya. Ukiendesha siku kadhaa yachanganyike, ukarudia, inakuwa 64. Mara ya tatu inapita 78. Utatumia lita 12, labda zaidi kidogo ya njia ya mpira, lakini injini haiwashwi hata mara moja sampo ikiwa tupu, na kila mara unarudisha ulichotoa.

Mafuta yaliyotoka yawekwe kwenye dumu na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Yakimwagwa mtaroni, mvua huyashusha hadi mto Ruaha Mdogo, na watu wa chini wanachota huko.

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni hazina dipstiki kabisa. Kiasi hupimwa kwa bolti ya kufurikia, gari likiwa limelala sawa juu ya lifti, injini ikiunguruma, na mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, kwa Toyota nyingi karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Joto hilo husomwa kwa kompyuta. Ukifungua bolti mafuta yakiwa ya moto sana, yaliyotanuka yatamwagika na utabaki na pungufu. Ukifungua yakiwa baridi, utajaza kupita kiasi. Mwenye gari la namna hiyo aliye mbali na gereji yenye vifaa hivyo ni heri asubiri safari yake ya mjini, asiifungue uani.