Je, Aliyekubali Ameridhika?

Huko Mang'ola, katika wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi lenye maji ya chumvi, chemchemi zitokazo chini ya nyanda za juu za Ngorongoro zimeigeuza nchi kavu kuwa mashamba ya vitunguu. Vitunguu hivyo vyajulikana Arusha, navyo huvuka Namanga hata Nairobi. Watoto wamesomeshwa kwavyo, nyumba za bati zimejengwa kwavyo, nasi twayafurahia maendeleo hayo.

Lakini liko jambo moja ambalo wakulima hulinung'unikia, nalo ni lumbesa. Gunia hujazwa hata mdomoni, kisha huongezwa kichwa juu yake, kikafungwa kwa kamba, na mzigo wote wahesabiwa gunia moja. Sheria ya Vipimo yakataza. Mnunuzi naye ana jibu tayari: mkulima amekubali, hakushikwa mkono. Jibu hilo ndilo tutakalo kulipima leo, maana si la Mang'ola peke yake.

Ni kweli amekubali. Kitunguu kikisha kung'olewa hakingoji. Kikinyeshewa na mvua chaoza. Deni la mbolea na dawa lamkodolea macho, na pengine shamba lenyewe ni la kukodi. Akikataa, lori lasogea hatua mia kwa jirani, naye jirani, mwenye deni kama lile, atakubali. Basi kila mmoja akubali kwa kuwa mwenzake atakubali, wala hakuna hata mmoja aliyeridhika.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwajibu wale waliosema kwamba mshahara wowote ni wa haki maadamu mfanya kazi ameukubali. Alifundisha kwamba mtu aliyebanwa na shida, akapokea masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi, ametendewa jeuri. Mwezi wa Machi 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, alilipanua fundisho hilo hata kwenye biashara ya mataifa: wawili wasiolingana nguvu wakipatana bei, mapatano peke yake hayatoshi kuifanya bei hiyo kuwa ya haki.

Mwaka huo huo, tarehe 8 Agosti, mataifa matano ya Asia ya Kusini-Mashariki, yaani Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand, yaliunda huko Bangkok umoja uitwao ASEAN. Katika nchi za upande huo mamilioni ya watu wametoka katika ufukara, nasi tungekuwa wanafiki kulidharau hilo. Mara kwa mara twaambiwa tuwaige, na kweli yako mengi ya kuigwa. Lakini tutazame pia jinsi walivyoshindana. Kiwanda cha kushona nguo ni kama lile lori: mshahara ukipanda hapa, chahamia nchi ya jirani. Serikali moja ikisamehe kodi, ya pili huona haina budi kusamehe zaidi. Vietnam, iliyoanza kufungua milango yake mwaka 1986, na Kambodia baadaye, zilipokea kazi hizo kwa kuwa vijana wao waliweza kulipwa kidogo kuliko wenzao. Binti aketiye mbele ya cherehani amekubali. Serikali yake nayo imekubali. Hiyo ndiyo lumbesa ya mataifa.

Nasi wa Afrika Mashariki hatuko mbali nayo. Jumuiya yetu ya kwanza, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mojawapo ya manung'uniko yake lilikuwa juu ya nani apataye zaidi. Ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Kukataza lumbesa upande mmoja tu wa Namanga ni kulisogeza lori.

Wengine watatujibu kwamba mnunuzi naye amebanwa: akinunua kwa kilo, mwenzake wa lumbesa atamshinda sokoni. Twalikiri hilo. Ndiyo sababu hatumwambii mkulima mmoja agome peke yake huku mzigo wake waoza. Huko ni kumtwisha mnyonge ushujaa ambao sisi tulioshiba hatuutendi. Wajibu ni wa wenye uwezo: halmashauri iweke mizani karibu na mashamba na kumtoza faini avunjaye sheria, ushirika uwe na ghala ili mkulima apate kungoja, na Mkristo mwenye lori, ambaye hasara ya safari moja haitamlaza njaa, aanze yeye.

Tena wako ambao hata kukubali hawakuombwa. Wahadzabe waliwinda na kuchimba mizizi na kurina asali kulizunguka ziwa hilo kabla ya mashamba kufika. Mwaka 2011 ndugu zao wa Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Upande wa Mang'ola majembe yamezidi kuzisogelea chemchemi na pori, na malipo ya kile walichokipoteza hayamo katika bei ya gunia, liwe la lumbesa au la halali.