TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Kadari au Uzembe?



Jana baada ya tarawehe mzee wetu mmoja aliniuliza: "Sheikh, lambo letu likipasuka masika haya, hiyo ni kadari au ni dhambi yetu?"

Sikumjibu haraka, maana swali lilinigusa. Chini ya tuta, upande wa mashambani, maji yanachuruzika. Niliyaona tangu Rajabu. Nikasema nitamwambia mwenyekiti wa kamati ya maji, nikasahau. Kumbe naye aliyaona, akadhani kuna mtu keshachukua hatua. Na huko chini kuna nyumba za watu, na madrasa ya watoto wetu.

Tuta la udongo hupasuka kwa dakika chache, lakini sababu zake ni za miezi. Shimo la panya, mzizi uliooza, njia ya ng'ombe iliyokata juu ya tuta. Maji yanayochuruzika yakiwa safi, yaangaliwe kila siku. Yakianza kutoka na tope, ujue yanabeba udongo wa ndani. Tuta linaliwa kimya kimya.

Tena kuna mtu kaziba kwa mawe na viroba vya mchanga ile njia ya kutolea maji ya ziada. Hakuwa na nia mbaya, alitaka maji yabaki mengi. Lakini mvua kubwa ikija, maji yatapita juu ya tuta na kulikata.

Mnakumbuka hadithi ya watu wa jahazi, iliyo katika Bukhari? Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu. Nia yao nzuri! Mtume ﷺ akatufundisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Aliyetoboa anazama, na aliyenyamaza anazama naye.

Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, tuta la bwawa lilipasuka usiku huko Solai, Nakuru, nchini Kenya. Watu zaidi ya 40 walifariki, watoto wakiwemo.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Kila kitu ni kwa kadari ya Allah, hatuna shaka. Lakini kadari ni faraja ya aliyetimiza wajibu wake, siyo maficho ya aliyeona, akaweza, akanyamaza. Huyo ataulizwa, na mimi ni wa kwanza.

Leo asubuhi nimeongea na mwenyekiti, naye kampigia fundi wa maji wa wilaya. Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, tukutane lamboni na mapanga na majembe. Tutafyeka vichaka na kuzibua njia ya maji. Pale panapochuruzika tusipaguse mpaka fundi aje.

Allah azitakabali funga zetu, na atujaalie kuwa walinzi wa amana zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.