Mlango wa Nyumba na Mlango wa Kisiwa

Je, ni halali kumfungia nyumbani mtu asiye na kosa? Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, na mara nyingi limejibiwa kwa ghadhabu. Wengine walisema kwamba mtawala aweza kuamuru lolote maadamu anaokoa uhai. Wengine walisema kwamba mtu huru hafungiwi, na kama ni kufa, kila mtu atakufa kwa siku yake. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilikwenda mbio mno. Afadhali tulitazame jambo hili mahali padogo, ambapo kila kitu huonekana waziwazi, nako ni katika visiwa vya Samoa, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, ilitia nanga Apia. Ndani yake walikuwamo wagonjwa wa ile homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka ulimwengu. Samoa ya Magharibi wakati huo ilikuwa mikononi mwa jeshi la New Zealand, na wakubwa wake hawakuiweka meli ile karantini. Abiria wakashuka, wakaenda makwao. Katika majuma machache walikufa watu wapata 8,500, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Lakini huko Tutuila, katika Samoa ya Marekani, safari fupi tu ya bahari kutoka hapo, gavana John Poyer alikuwa amezuia meli, na wenyeji wenyewe wakalinda pwani yao kwa mitumbwi. Huko homa ile haikuua hata mtu mmoja. Poyer alituma habari kwa redio kwamba yu tayari kuleta msaada. Kanali Robert Logan, mtawala wa Samoa ya Magharibi, hakuupokea; badala yake akayakata mawasiliano ya redio. Ilipofika mwaka 2002, Helen Clark, waziri mkuu wa New Zealand, aliwaomba Wasamoa radhi kwa ajili ya mambo hayo.

Basi asituambie mtu kwamba kuzuia watu ni ukatili sikuzote. Huku watu walizuiliwa wakaishi. Kule waliachwa huru wakajaza makaburi. Ila tusiyapite haraka maneno haya: wenyeji wenyewe wakalinda pwani. Amri ya Poyer haikusimama kwa nguvu ya bunduki peke yake. Watu waliielewa, wakaifanya kuwa yao.

Tena Wasamoa ni watu waliokwisha kuzoea amri ya kukaa nyumbani. Katika vijiji vyao vingi, jua linapotua, hupigwa kengele au baragumu la kome, na kila jamaa huingia nyumbani kusali. Saa hiyo huitwa sa. Mtu haruhusiwi kutangatanga njiani, na vijana wa kijiji husimama barabarani kuangalia. Hakuna anayesema kwamba amefungwa. Kwa nini? Kwa sababu sa ni fupi, ni ya wote, chifu na mtoto pamoja, na kila mtu ajua sababu yake. Twadhani mambo haya matatu yatufaa kuyapima maagizo ya serikali yoyote wakati wa maradhi. Amri isiyo na mwisho, au inayomfungia maskini tu na kumwachia tajiri gari lake, au ambayo sababu yake yafichwa, haina haki ya kudai utii uleule.

Mwaka 2019 jambo hili lilijaribiwa. Surua iliingia Samoa, ikawakuta watoto wengi hawana chanjo. Kulikuwa na chanzo: mwaka 2018 watoto wachanga wawili walikufa baada ya wauguzi kuichanganya dawa ya chanjo vibaya, na wazazi wakaingiwa na hofu. Waliokufa kwa surua walifika 83, walio wengi watoto wadogo. Hapo serikali ikawaamuru watu wote wakae nyumbani mchana wa tarehe 5 na 6 Desemba, na nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu mbele yake. Ofisi zilifungwa, na watumishi wa serikali wakapita nyumba kwa nyumba pamoja na wauguzi.

Kitambaa kile kingeweza kuwa alama ya aibu. Hakikuwa hivyo, maana yule aliyeamuru watu wakae ndani aliwafuata huko ndani akiwa na dawa. Twaona hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mtawala anayesema, “Kaeni nyumbani,” kisha akajifungia kwake, amewatupa watu wake. Mvuvi ambaye chakula cha leo ni samaki wa leo hawezi kula amri. Wala nyumba si sawa zote. Nyumba ya Kisamoa ya asili haina kuta, ni nguzo na paa, na ndani yake hulala babu, wana, wakwe na wajukuu. Mwenye vyumba sita aweza kujitenga. Hao watajitenga na nani? (Wanaoandika amri kwa kawaida ni watu wenye vyumba sita.)

Yako maneno mengine tuliyoyasikia kwa Wakristo wenzetu, nayo yatuhusu zaidi. Husema: Mungu atatulinda, basi kuogopa ugonjwa ni upungufu wa imani. Shetani alimwambia Bwana wetu maneno yaliyofanana na hayo juu ya mnara wa Hekalu, akamtaka ajitupe chini, na Bwana alikataa. Imani haimruhusu mtu kumjaribu Mungu, tena kwa uhai wa bibi kizee wa jirani, ambaye hakuulizwa.

Lakini hatusemi kwamba kufunga kanisa ni jambo dogo, kama kufunga duka la viatu. Mtu afaye bila sakramenti, maiti izikwayo bila jamaa, hayo ni majeraha, hasa kwa watu kama Wasamoa, ambao mazishi kwao hukusanya ukoo mzima. Mtakatifu Karoli Boromeo, askofu mkuu wa Milano, alikutwa na tauni mwaka 1576. Watu walipoamriwa wasitoke, yeye hakuwahimiza wavunje amri, wala hakukaa kimya. Alisimamisha altare katika njia panda za mji, ili watu waione Misa wakiwa madirishani mwao. Ubishi kati ya kutii na kusali, kwake, ulikuwa kazi ya kufanya.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Kisiwa kikifunga mlango wake, hufungiwa nje siyo wageni tu. Samoa ilifunga mipaka yake mwezi Machi 2020, ikaifungua kabisa tarehe 1 Agosti 2022. Muda ule haukupotea bure: watu wazima walio wengi sana walichanjwa, na korona ilipoanza kuenea vijijini mwezi Machi 2022, watu wakaamriwa tena kukaa majumbani, na waliokufa hawakufika hata 50 katika nchi yenye watu wapata 200,000. Ni hesabu ya kushukuru. Hata hivyo walikuwako Wasamoa waliokuwa ng'ambo kwa kazi au masomo, wakingoja ndege chache za kuwarudisha, na wengine wakazikiwa wazazi wao wakiwa mbali.

Je, waliomo ndani wana haki ya kununua salama yao kwa machozi ya ndugu walio nje? Sisi twasema wanayo haki ya kumchelewesha ndugu, si ya kumkana. Mgonjwa wa kwanza aliyegunduliwa Samoa, mwezi Novemba 2020, alikuwa baharia aliyerudishwa kwao kwa ndege ya namna hiyo. Mtu aweza kusema kwamba afadhali asingepokelewa. Lakini alipokelewa, akawekwa karantini, akatunzwa, na ugonjwa haukuenea kutoka kwake. Logan wa mwaka 1918 aliruhusu meli nzima ishushe wagonjwa, kisha akamkataa jirani aliyetaka kusaidia. Hawa wa mwaka 2020 walimfungulia mtu wao mlango, wakakaa wakimwangalia mpaka siku zake zikatimia.